Msiba Usio na Maiti

Siku waliyopanga kumzika baba wa kwenye tamthilia, baba mwenye nyumba alikuwa chumba cha nyuma akinywa supu na kulalamika kwamba haina chumvi.

"Daktari amekataza chumvi, baba," mke wa mwanawe alimwambia.

"Na yeye daktari anakula bila chumvi?"

"Hilo sikumuuliza. Malizia, halafu tutulie. Wanaanza kurekodi."

Mzee akatulia. Alishazoea. Nyumba hiyo aliijenga mwenyewe enzi za uashi wake, tofali juu ya tofali, na sasa misimu minne ilikuwa imepita sebule yake ikiwa ya tajiri wa kwenye televisheni. Kuta zilipakwa zambarau ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeichagua. Kochi halikuruhusiwa kusogezwa hata kidogo, kwa sababu hadithi yenyewe ilikuwa haijasogea. Mwigizaji aliyecheza tajiri alisalimiwa na mtaa mzima kama mwenye nyumba. Mwenye nyumba halisi, siku moja alipotoka kuota jua, mpita njia alimwuliza kama bosi yupo.

"Yupo," mzee alijibu. "Anajipaka poda."

Aliyeyaleta yote hayo ni mwanawe, mwongozaji. Watu wa kazi walimwita Kata, kwa lile neno la kusimamisha kamera, ambalo mkewe alisema amelitamka mara nyingi kuliko jina lake yeye. Ujanani Kata aliongoza filamu iliyowafanya watu wapange mstari hadi barabarani. Siku hizi mstari aliouona ni wa waigizaji wakisubiri chakula, nao ulikuwa unafupika. Kituo cha televisheni kilimpunguzia taa, kikampunguzia waigizaji, na wiki hiyo kikaondoa hata lile gari kubwa lenye nembo lililokuwa likiegeshwa nje. Meneja wa vipindi, dada mmoja mwenye adabu aliyezaliwa mwaka ambao filamu ile ilikuwa kwenye majumba ya sinema, alimweleza kwa upole: sehemu ya mwisho, ile ya msiba, ikivuta watu, msimu utaongezwa. Isipovuta, Kata, ambaye dada huyo alimwita "mzee wetu", ataandaliwa cheti cha shukrani.

Cheti hakilipi ada ya chuo cha mtoto. Kata na mkewe walilijua hilo bila kuambizana. Mke alikuwa fundi cherehani, na mavazi yote ya tamthilia yalitoka mikononi mwake, kwa hiyo tamthilia ikifa zingekufa kazi mbili kwa mpigo.

Asubuhi hiyo wakafunga turubai mbele ya nyumba, wakapanga viti vya kukodi, wakawakalisha wanaume watano wenye nyuso za huzuni waliolipwa nusu siku. Ndani, wanawake wakakaa sakafuni kumzunguka mwigizaji aliyeitwa Mjane, jina la kwenye tamthilia ambalo mumewe halisi hakulipenda hata kidogo. Mlangoni palikuwa na beseni. Kila aliyeingia alizima simu yake akaitumbukiza humo, kuanzia Kata mwenyewe hadi mkewe. Hiyo ilikuwa sheria ya kazi, tangu siku simu ya mtu ilipolia wimbo wa harusi katikati ya tukio la talaka.

Wakaanza mazoezi. Mjane akalia. Kata akatikisa kichwa.

"Unaanza na macho," alisema. "Usianze na macho. Anza na mikono. Mtu aliyefiwa hajui aiweke wapi mikono yake. Inakuwa kama ya mtu mwingine. Machozi yatakuja yenyewe baadaye."

"Mimi machozi yananijia nikikumbuka malipo," Mjane alijibu, na wanawake wakacheka.

"Basi yakumbuke kwa mikono."

Akalia tena. Wanawake wakamwitikia kwa sauti moja, na kilio kikatoka dirishani, kikapita turubai na wanaume watano wenye huzuni ya kukodi, kikavuka barabara hadi duka la kona.

Mwenye duka aliinua kichwa. Alitazama viti. Alitafuta lile gari lenye nembo, hakuliona. Alijua mzee mwashi anaumwa, maana yeye ndiye aliyekuwa akiuza zile betri za redio ya mzee, na wiki mbili sasa hakuna aliyezifuata. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa wa haraka. Akavuka hadi nusu ya barabara, akaona aibu kwenda msibani na aproni, akarudi, akapiga simu kwa binti wa mzee, mpishi wa shule ya bweni katika mji mwingine.

"Njoo nyumbani," alimwambia.

"Kuna nini?"

"Wewe njoo tu, mama. Watu wameshakaa."

Binti akampigia kaka yake. Simu imezimwa. Akampigia wifi yake. Imezimwa. Akavua koti la jikoni, akachukua mkoba, akakimbilia kituo cha mabasi.

*

Alipofika, jua lilikuwa limeshainama na Kata alikuwa anarekodi tukio kubwa. Mpiga picha, ambaye wenzake walimwita Jicho ingawa alivaa miwani mizito kama vitako vya chupa, alikuwa na kamera begani. Kata alisimama kwenye kona nyuma yake. Mkewe alikuwa mlangoni mwa korido, na pini mdomoni, tayari kurekebisha kitambaa cha Mjane.

Dada mtu alipita katikati ya wanaume wa kukodi, nao wakainama kwa heshima, kama walivyofundishwa. Akatupa mkoba mlangoni. Akaingia.

Kata alimwona. Hilo ni lazima lisemwe mapema. Alimwona kabla hajafika katikati ya chumba, akamtambua, akaelewa yote kwa mara moja: turubai, simu, beseni. Mdomo wake ukafunguka kwa lile neno lililompa jina.

Dada yake akasimama. Mikono yake ikanyooka mbele, ikarudi, ikashika kichwa, ikakiachia, ikaanza kupekua mkoba ambao haukuwepo.

Kata akafunga mdomo. Akamgusa Jicho begani, akainua vidole viwili, akavikunja taratibu. Katika lugha yao maana yake ni: sogea karibu.

Jicho akasogea.

"Baba," dada mtu alisema, kwa sauti ndogo kwanza. Akajibwaga sakafuni, wanawake wakampokea wakidhani ni mwigizaji mpya, na Mjane, ambaye hakuwahi kuachia tukio zuri limpite, akamkumbatia. "Baba, si ulisema utanisubiri. Miwani yako ninayo. Nilisema wiki ijayo, halafu wiki ijayo. Imetengenezwa, baba. Iko kwenye mkoba. Sasa nimpe nani, baba. Baba. Nani ataivaa."

Sebule nzima ilikuwa inalia sasa, na mara hii hakuna aliyekuwa akikumbuka malipo. Kata hakupepesa. Aliona mwanga wa dirishani umempata dada yake shavuni, akashukuru kimoyomoyo kwamba hakufunga lile pazia.

"Baba," dada yake aliita tena.

"Naam," ikajibu sauti kutoka chumba cha nyuma. "Naam, mwanangu. Mbona unanililia na mimi nakunywa supu?"

*

Dada mtu alikaa kitandani kwa baba yake muda mrefu, akicheka na kulia, akimpapasa mzee uso kama anayetafuta nyufa. Alimvalisha miwani. Mzee akamwangalia, akasema amenenepa, na ya kuwa sasa anaona vizuri hata rangi ya kuta, jambo ambalo alikuwa amesahau kumshukuru Mungu kwa kumwepusha nalo.

Kisha akatoka kwenda sebuleni. Waigizaji walikuwa wanaokota simu zao kwenye beseni bila kuangaliana. Simu moja baada ya nyingine ikawashwa.

"Kaka. Ulikuwa umesimama wapi?"

"Pale kwenye kona."

"Uliniona nikiingia?"

"Nilikuona."

"Uliniona kabla sijalia, au baada?"

Kata akajifanya anakunja waya.

"Nijibu, kaka. Mimi si mwigizaji wako, sitasubiri uniambie lini nianze."

"Kabla," Kata alisema.

Dada yake akatikisa kichwa polepole. "Saa zote zile kwenye basi nilikuwa nafikiria nitakukuta umevunjika, nikawa najiuliza nitakubembeleza vipi. Kumbe ulikuwa unanitafutia mwanga."

Alikwenda jikoni, akaanza kuosha sufuria ambazo hazikuwa chafu.

Chakula cha jioni kililiwa na watu watatu wakiongea na mzee tu. Mkewe Kata alisubiri mpaka dada alipokwenda kuoga.

"Nimeona vidole vyako," alisema.

"Vidole gani?"

"Vile viwili. Usinifanye mgeni wa kazi hii, nimeshona kila nguo iliyopita mbele ya kamera yako." Alikuwa anachomeka pini kwenye mto mdogo, moja moja. "Nataka kuuliza kitu kimoja, kisha nitanyamaza. Siku nikianguka mimi hapa, vidole vyako vitafanya vilevile?"

"Ilikuwa sekunde tu, mama watoto."

"Sikuuliza urefu."

*

Picha za siku zilikuwa zinatumwa kituoni kabla watu hawajatawanyika, ndio utaratibu. Asubuhi meneja wa vipindi akapiga simu mwenyewe, na alikuwa na sauti ya mtu aliyelia.

"Mzee wetu, huyo mwanamke umemtoa wapi?"

"Ni wa hapahapa."

"Chumba kizima tumelia. Hata mhasibu amelia, na yule unamjua. Sikiliza, msimu tunaongeza. Miwili. Gari linarudi. Ile sauti ya mwishoni ya mzee wa supu tutaikata, inaharibu. Sisi tunataka idhini ya huyo dada tu. Ongea naye. Tutampa kitu kizuri."

Kata alikata simu akakaa kwenye kochi lisilosogezwa. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alijiona ni yule kijana wa mstari hadi barabarani. Alifurahi, na kufurahi huko kukamtia aibu, na aibu haikuondoa furaha. Zikakaa pamoja kama abiria wasiojuana.

Alimkuta dada yake uani anaanika shuka za mzee.

"Kituo wamekupenda," alianza.

"Wamenijulia wapi?"

Akamweleza. Hakuficha kitu: msimu, ada ya mtoto, cherehani ya mkewe, gari. Mwisho akataja kiasi walichosema watampa. Dada yake alikuwa na shuka mkononi. Mwaka mzima wa kukoroga masufuria ya shule haukufikia hapo, na yeye hakuwa mtu wa kujifanya haoni.

"Nyingi," alisema.

"Nyingi."

"Na mimi nina paa linavuja." Akabana shuka kwa kibanio, akabana tena mahali palepale. "Tatizo ni kwamba kile kilio hakikuwa cha kwako wala changu. Nilikuwa nampa mtu. Kamuulize mwenye msiba. Akisema ndiyo, na mimi nasema ndiyo, na nitanunua mabati. Akisema hapana ukaonyesha, usinitafute tena kwa jina la dada."

*

Mzee alikuwa ameegemea mito, miwani puani. Mkewe Kata na dada mtu wakasimama mlangoni. Kata akaweka kompyuta ndogo juu ya magoti ya baba yake. Watu wengi walishatazama kazi zake, lakini huyu hakuwahi kusema neno. Siku ya filamu ile ya mstari, mzee alikwenda, akakaa hadi mwisho, akatoka akasema ukumbi una ufa juu ya mlango.

Alitazama bila kusogea. Wanawake, kitambaa cheusi, dada mtu akiingia. Ile mikono. Ile miwani inayotajwa, aliyokuwa ameivaa. Ilipofika "Naam," akatabasamu.

"Hapo nimeingia mimi," alisema. "Rudisha mwanzo."

Kata akarudisha. Mara ya pili mzee hakutabasamu.

"Viti vichache," alisema ilipokwisha. "Na mwenye duka mbona simwoni, na ndiye aliyeita watu? Umenizika kwa kubana matumizi."

"Si wewe, baba. Ni yule tajiri."

"Huyu hakumlilia tajiri." Akagusa kioo kwa kidole kinene cha kazi, juu ya uso wa binti yake. "Huyu amenililia mimi. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya kamera."

"Ulilia?"

Kata alitafuta jibu lililo jema kidogo. Hakulipata. "Nilikuwa naangalia mwanga, baba."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa kona ya shuka.

"Ni picha nzuri," alisema. "Nimekaa na wewe miaka yote sijakwambia, sasa nakwambia. Unaijua kazi yako. Lakini hii usiwape."

"Baba, wakikosa hii—"

"Nimesikia ukiongea uani, dirisha halina kioo. Najua mtakosa nini. Uza hata milango ya nyumba hii, mimi niliifunga na mimi nakuruhusu. Hii ni yangu. Mtu hupata kilio kimoja tu, na kwa kawaida huwa hayupo kukisikia. Mimi nimepata bahati ya kusikia changu nikiwa na bakuli mkononi. Halafu kikatazamwe na watu wanaosubiri taarifa ya habari?"

Dada mtu alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa kanga yake.

"Na bado ningependa chumvi," mzee alisema.

Kata akaichukua kompyuta. Alisimama nayo koridoni kwa muda, kidole juu ya kitufe cha kufuta, na mkewe akamtazama bila kumsaidia. Kisha akampigia meneja. Alisema dada amekataa, akajisahihisha, akasema: "Hapana, mimi nimekataa. Ifuteni huko, huku nimeshafuta."

"Mzee wetu, unajua maana yake?"

"Cheti kiandikwe vizuri," Kata alisema. "Kuna herufi mnazikosea kwenye jina langu kila mwaka."

Wiki iliyofuata Mjane alilia upya, kwa mikono kwanza, kama alivyofundishwa. Alilia vizuri. Kata alisema lile neno lake mahali panapotakiwa, na watazamaji wakabadili kituo.

*

Baada ya hapo Kata alipiga picha za harusi. Alikuwa mwongozaji peke yake, mpiga picha peke yake na mbeba taa peke yake. Kwenye harusi moja mama wa bwana harusi alimkazia macho, akasema anafanana sana na mtu mmoja maarufu wa zamani. "Wengi wananiambia," Kata alijibu, akamwomba asogee kidogo, anaziba keki. Mkewe alishona sare za shule. Dada yake aliweka ndoo chini ya paa linalovuja, na kila alipopiga simu aliongea na kaka yake pia, kwa kifupi, akimalizia na "haya, nipe mzee."

Jioni Kata alikaa chumba cha nyuma. Walibishana kuhusu betri na kuhusu chumvi. Mara moja moja mzee alimwambia, "Nionyeshe ile," na Kata akasema amefuta, na mzee akasema, "Najua, nilitaka kukusikia ukisema."

Alfajiri moja ya mvua mzee hakuamka.

Mkewe Kata ndiye aliyelia kwanza, na kilio kikatoka dirishani, kikavuka barabara. Mwenye duka akainua kichwa. Akatabasamu, akaendelea kupanga sabuni. Wanawake wawili wa jirani walitoka, wakachana nywele, wakasimama mahali ambapo wangeonekana vizuri. Mtu akauliza wanalipa nusu siku au siku nzima. Ilikaribia adhuhuri mwenye duka alipomwona Kata mwenyewe akibeba viti kutoka jikoni, vya kwao, visivyolingana, na kuvipanga nje kwenye matope bila turubai. Akavua aproni, akavuka barabara mbio.

"Nisamehe, ndugu yangu. Tulidhani mnarekodi."

"Najua," Kata alisema. "Chukua hicho, hiki kina mguu mbovu."

Nyumba ikajaa. Sebule ilikuwa bado ya zambarau, hakuna aliyepata hela ya kuirudisha. Kata alipanga hiki, akaleta kile, akawaelekeza watu mahali pa kukaa, akafungua pazia, akalifunga. Kazi ilipokwisha akajikuta amesimama kwenye kona ileile, mgongo ukutani, mahali ambapo chumba kizima kinaonekana.

Dada yake alifika na mkoba uleule. Macho yalikuwa makavu, na wanawake waliokuwa wamejiandaa kumpokea wakatazamana. Alikwenda chumba cha nyuma, akakaa humo, akarudi na miwani mkononi. Akavuka sebule moja kwa moja hadi kwenye kona.

"Toka hapo," alimwambia kaka yake kwa upole.

"Nimekaa vizuri tu hapa."

"Hujakaa, umesimama. Toka. Mimi nilishamlilia, kaka. Nikamwita, akaniitikia. Sina deni naye." Akamvuta mkono hadi katikati ya chumba. "Zamu yako."

Kata akafungua mdomo. Neno pekee lililokuja ni "Baba," na alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayoifahamu. Kisha akasubiri. Wote wakasubiri naye. Mvua ilikuwa inapiga bati, na kutoka chumba cha nyuma hakukutoka kitu.

Ndipo mikono yake ikaanza kutafuta mahali pa kukaa. Ikaenda mfukoni, ikatoka, ikashika mgongo wa kochi, ikauachia, ikamrudisha hadi ukutani, ikaupapasa kama inayotafuta tofali la kwanza, mpaka dada yake akaidaka yote miwili.